Liki Zikijaa Jikoni

Mwenye ndugu Lushoto anaijua hali hii: mgeni anateremka kwenye basi na kiroba, na ndani yake mna liki tupu. Anayenunua sokoni Dar es Salaam hukutana nayo kwa njia nyingine. Mavuno ya wakulima wengi yakigongana bei inaanguka, muuzaji anataka kumaliza mzigo kabla ya jioni, na aliyekwenda kununua fungu moja anarudi na manne. Nyumba nyingi zimezoea liki moja kwa wiki, ya kunukishia supu au kuchanganya kwenye tambi. Zikija ishirini kwa mpigo mpishi hajui aanzie wapi, na kabla wiki haijaisha majani yamegeuka manjano na mashina yamelegea.

Nakuomba uiangalie liki kwa jicho jingine. Ni mboga ya kujaza sufuria, ya kupikwa kwa kilo na kuliwa kwa sahani, sawa na kabichi au mchicha. Ukiikubali hivyo, kiroba kizima kitaisha, na wiki hiyo utakuwa umepunguza ununuzi wa vitunguu, wa mboga za majani na hata wa nyama.

Kwanza elewa kwa nini liki haisubiri. Ni ndugu wa kitunguu maji na kitunguu saumu, lakini haina tabia yao ya kukauka na kulala ghalani. Kitunguu kikikomaa, majani hunyauka, shingo hujifunga, maganda hukauka, nacho hukaa miezi bila kuoza. Liki haifungi kitunguu chini. Ile sehemu nyeupe ni majani yaliyobanana, ambayo mkulima ameyapandishia udongo taratibu ili jua lisiyafikie. Ikishang'olewa inaanza kupoteza maji, na hakuna ganda la kuikinga. Mahali inapohifadhika vizuri ni shambani, ikiwa bado na mizizi ardhini.

Kwa hiyo zikifika nyumbani, usizioshe zote. Maji yakituama katikati ya majani, uozo unaanza humo humo. Pangusa udongo wa nje, toa majani yaliyokwisha kuchakaa, kisha zigawe. Zile zenye mizizi mizima na mashina magumu ndizo za kukaa. Kama una friji, punguza ncha za majani (usizitupe), zifunge kwenye gazeti au kitambaa, uziweke chini kabisa. Zitakaa wiki moja na zaidi. Huna friji, zisimamishe kwenye ndoo yenye maji ya kulowesha mizizi tu, mahali penye kivuli na hewa, na maji hayo uyabadilishe kila siku. Mwenye uwanja afanye kama wakulima: achimbe mfereji mfupi kivulini, azilaze kwa kuegemea, afukie sehemu nyeupe, anyunyize maji. Zilizochubuka, zilizovunjika au zilizokatwa mizizi pika leo au kesho.

Kuosha kunahitaji maelezo, maana chakula kingi cha liki huharibiwa na mchanga. Ule udongo aliopandishia mkulima huingia katikati ya majani na kujificha pale rangi nyeupe inapogeuka kijani. Kumwagia maji kwa nje hakusaidii. Ukitaka liki ibaki ndefu, ipasue kwa urefu kuanzia juu hadi karibu na mizizi, ifungue, uisugue chini ya maji yanayotiririka, jani baada ya jani. Ukitaka kuikata vipande, kata kwanza ndipo uoshe: tia vipande kwenye beseni la maji mengi, vivuruge, viache dakika kadhaa mchanga utuame. Kisha viopoe kwa mikono au kwa chujio. Ukiliinua beseni na kumwaga, mchanga wote utarudi juu ya mboga. Rudia mpaka maji yabaki safi. Maji hayo yamwagie mimea uani.

Majani ya kijani

Ulipolipa, ulilipia liki nzima, na majani ni karibu nusu ya mzigo. Mapishi mengi ya kigeni yanasema tumia sehemu nyeupe tu, na wengi tumeyafuata bila kuuliza. Majani ni magumu kwa sababu ya nyuzi zinazokwenda kwa urefu. Dawa yake ni kisu: yapange pamoja, yakunje, uyakate kwa kukatisha nyuzi, membamba kama unavyokata sukuma wiki. Yakiwa membamba hivyo huiva kwa dakika 15 hadi 20 na kuwa laini.

Yaunge kwa karanga. Kaanga nyanya mbili na kitunguu saumu, tia majani, chumvi na maji kidogo, funika mpaka yalainike, halafu koroga karanga zilizosagwa kwa maji ya uvuguvugu na uache zichemke taratibu. Tui la nazi nalo linafaa, hasa ukichanganya majani hayo nusu kwa nusu na mchicha au kabichi, kwa sababu yana utamu unaopunguza ukali wa mboga nyingine. Dagaa waliokaangwa wakawa wakavu, wakitiwa mwishoni, hukamilisha mlo wa ugali.

Yale ya nje kabisa, mazito na yenye rangi ya bluu kwa mbali, hayalainiki vizuri hata ukiyakata membamba. Hayo ni ya mchuzi. Yaoshe sana, uyachemshe na maganda ya karoti, vikonyo vya kotimiri na mfupa ukiwa nao, kwa muda wa saa moja, kisha chuja. Mchuzi huo ni msingi wa supu, wa maharage, hata wa wali, na unaweza kuacha kabisa kununua vile vidonge vya kuongeza ladha.

Sufuria moja ya kuanzia

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, lifanye hili. Chukua kilo 2 za liki zilizosafishwa, nyeupe pamoja na kijani laini, uzikate nyembamba. Kwenye sufuria nzito tia vijiko 4 vya chakula vya mafuta, mimina liki zote na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, changanya, funika. Moto uwe mdogo kabisa. Hapa jiko la mkaa linaishinda gesi: subiri umalize kusonga ugali, funika makaa yaliyobaki kwa majivu, halafu teleka sufuria ya liki juu yake. Joto ambalo lingepotea bure ndilo litakalokupikia. Geuza kila baada ya dakika kumi. Chumvi itazitoa maji yake yenyewe nazo zitaiva ndani ya maji hayo. Baada ya dakika 40 hivi, sufuria iliyokuwa imejaa hadi mfuniko itakuwa imenywea na kubaki na rojo laini, tamu, la kijani kibichi kilichofifia.

Usiharakishe. Moto ukiwa mkali liki huungua pembeni kabla ya kulainika katikati, na liki iliyoungua ni chungu, uchungu usiofichika hata kwa pilipili. Ukiona zinashika chini, tia maji vijiko viwili vitatu na upunguze moto.

Rojo hilo hukaa kwenye friji siku tatu hadi nne, likiwa limefunikwa. Kwenye friza hukaa miezi miwili mitatu. Liweke katika vifuko vidogo vya kutosha mlo mmoja, uvibapaze ili viyeyuke upesi. Na hapa kuna onyo ambalo si la kupuuza: usilijaze rojo kwenye chupa, ukalimwagia mafuta juu na kuliacha kabatini kama akiba. Mboga za jamii ya kitunguu zikifunikwa na mafuta na kukosa hewa, kwenye joto la kawaida, zinaweza kuota vijidudu vinavyotengeneza sumu ya botulini. Sumu hiyo haitangulizi harufu wala rangi, na inaua. Bila friji, pika kinacholika siku hiyo.

Ukiwa na rojo, mapishi mengi yanakuwa kazi ya dakika chache. Maharage ndiyo ningeanza nayo. Katika nyumba za Goma, Bukavu na Rwanda, liki na majani ya seleri huungia maharage kama vile sisi tunavyotumia kitunguu na nyanya, mara nyingi kwa mafuta ya mawese, na ladha yake ni nzito kuliko ya maharage yetu ya kawaida. Kwa nusu kilo ya maharage yaliyoiva, tia kikombe kizima cha rojo la liki, seleri iliyokatwa, chumvi, na mchuzi wake uchemke mpaka uwe mzito. Kikombe hicho kinakuondolea vitunguu vitatu na nyanya kadhaa. Makande yanaungwa vivyo hivyo. Mtori pia: ndizi zikishaiva, tia rojo kabla ya kusaga kwa mwiko, na nyama ya robo kilo itatosha pale ulipozoea nusu.

Mayai manne hayashibishi watu watano, lakini mayai manne yaliyopigwa pamoja na kikombe na nusu cha rojo, chumvi na pilipili manga, yakamwagwa kwenye kikaango na kufunikwa yaive kwa mvuke, hukatwa vipande vitano vya heshima. Viazi vilivyochemshwa na kukatwa vidogo vikiongezwa humo, ni chakula cha mchana.

Liki na kiazi

Hakuna urafiki jikoni ninaouamini kuliko wa liki na kiazi mviringo. Nyanda za juu zinazotoa liki mara nyingi zinatoa viazi pia, na vyote viwili bei zake huanguka pamoja. Supu yake haina siri. Liki kubwa 4 zikatwe, zikaangwe polepole bila kubadilika rangi. Tia kilo moja ya viazi vilivyomenywa na kukatwakatwa, maji lita moja na nusu au ule mchuzi wa majani, chumvi. Viazi vikivurugika, ponda kwa mwiko ndani ya sufuria. Malizia kwa kikombe cha maziwa na pilipili manga. Inashibisha familia kwa gharama ya sahani moja ya hotelini.

Na hoteli kubwa zenyewe zimeichukua supu hii. Louis Diat, mpishi Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Ritz-Carlton ya New York, alisimulia kwamba mwaka 1917 aliikumbuka supu ya liki na viazi ya mama yake, ambayo yeye na kaka yake waliipoza kwa maziwa baridi siku za joto. Aliisaga ikawa laini, akatia malai, akaiandika kwenye orodha ya vyakula kwa jina la vichyssoise, na ikaenea duniani. Nakutajia habari hii kwa sababu wako watu wanaoona aibu kumwandalia mgeni supu ya viazi. Mwandalie. Siku ya jua kali Tanga au Mombasa, ipoze kwenye friji umpe ikiwa baridi.

Viazi vilivyobaki jana viponde na rojo la liki, tengeneza katlesi, zichovye kwenye yai na kuzikaanga. Kijiko cha samaki aliyechambuliwa kikiongezwa, hakuna atakayeuliza nyama iko wapi.

Bila kulainisha kwanza

Waturuki wana pishi la liki ambalo linafaa sana kwa bajeti finyu, na halihitaji nyama hata kidogo. Kata kilo moja ya liki vipande vya urefu wa sentimita tatu. Kaanga kidogo karoti mbili zilizokatwa mviringo kwa robo kikombe cha mafuta. Wao hutumia ya zeituni, ya alizeti yanakubali. Tia liki, vijiko viwili vya chakula vya mchele ulioshwa, kijiko cha chai cha sukari, chumvi na kikombe kimoja cha maji. Funika, moto mdogo, dakika 30. Mchele hunyonya maji ya liki na kuyafanya mazito. Iache ipoe kabisa, kamulia ndimu, ule kwa mkate au chapati. Ikilala usiku kwenye friji, kesho yake huwa tamu zaidi.

Chapati za maji hazihitaji maandalizi yoyote: unga vikombe viwili, yai moja, chumvi, maji ya kuufanya uji umwagike kwa wepesi, na liki mbili zilizokatwa ndogo sana zikiwa mbichi. Ni kifungua kinywa cha watoto kinachomaliza liki mbili kila asubuhi.

Kwenye sambusa liki huongeza nyama ya kusaga. Nusu kilo ya nyama iliyokaangwa ikakauka vizuri na viungo vyake, ichanganye na liki tatu kubwa zilizokatwa nyembamba, ukishaepua. Joto la nyama linatosha kuzilegeza. Ukizipika pamoja na nyama zitatoa maji, na maji hupasua manda. Acha mchanganyiko upoe kabisa kabla ya kufunga.

Kwa kachumbari, tumia nyeupe ya ndani tu, ikatwe nyembamba mno, isuguliwe kwa chumvi, isuuzwe na kukamuliwa kama tunavyofanya vitunguu, ndipo ikutane na nyanya, ndimu na pilipili. Siku ya nyama choma, laza liki nzima pembeni mwa jiko, juu ya wavu, uzigeuze mpaka ganda la nje liungue likawa jeusi. Menya hilo jeusi lote utupe. Ndani utakuta liki laini iliyoiva kwa mvuke wake. Chumvi, ndimu, basi.

Pilau na biriani ziachie kitunguu. Zinahitaji kitunguu kilichokaangwa kikawa na rangi ya kahawia na kukauka, na liki haiwezi kazi hiyo. Inafika kwenye uchungu kabla ya kufika kwenye rangi. Wali wa kawaida, hapo sawa: kaanga liki mpaka zilegee, tia mchele, endelea.

Akiba

Mwenye friza anaweza kugandisha liki mbichi bila kuzichemsha. Zioshe, zikate, na kazi kubwa ni kuzikausha maji kwa kitambaa, kwa kuwa zikigandishwa zikiwa na majimaji zinashikana zikawa jiwe. Zitandaze kwenye sinia, zigande kwanza, ndipo uzitie kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Harufu yake hupenya na utaikuta kwenye maziwa. Zitumie zikiwa bado zimeganda, kwenye vyakula vya kuchemsha tu, maana zikiyeyuka hulegea.

Asiye na friza atumie jua. Kiangazi kikiwa kikavu, tandaza liki zilizokatwa nyembamba kwenye chandarua safi au ungo, funika kwa kitambaa chepesi dhidi ya nzi na vumbi, anika mchana na kuziingiza ndani kabla ya umande. Zikivunjika mkononi kwa mlio ndipo zimekauka. Zikiwa bado zinakunjika zitaota ukungu kwenye chupa. Pwani, siku zenye unyevu mwingi, usijaribu. Majani ya kijani yaliyokaushwa hivyo, yakitwangwa na kuchanganywa na chumvi, huwa kiungo kizuri cha viazi, mayai na mahindi ya kuchemsha.

Vile vitako vyenye mizizi navyo vina kazi. Kata ukiacha sentimita tatu juu ya mizizi, visimamishe kwenye kikombe cha maji machache hadi vichipue, kisha uvipande kwenye kopo lenye udongo na matundu chini. Hutavuna liki nene tena, ila utapata majani ya kukatia mchuzi kwa wiki kadhaa.

Mabaki yasimwagwe ovyo. Mbwa na paka hawapaswi kula liki, iwe mbichi au iliyopikwa, kwani mimea ya jamii ya kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yao. Ng'ombe naye akilishwa rundo la mabaki haya anaweza kudhurika, na maziwa yake hushika harufu. Yapeleke kwenye shimo la mboji. Kwa upande wetu binadamu, wako ambao tumbo huwajaa gesi wakila liki nyingi siku ya kwanza. Anza kwa kiasi, hasa kwa wagonjwa na watoto wadogo.

Basi ukizikuta sokoni zimeshuka bei, usinunue moja. Mkulima aliyezileta hana namna ya kuzirudisha wala kuzilaza ghalani. Zisiponunuliwa siku hiyo ni hasara yake. Chukua mafungu manne, na jioni hiyo hiyo anza na majani.